Mwandiko Mbaya Ni Kosa la Nani?

Kuna wakati katika nchi hii dole gumba lilikuwa aibu. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, kujua kuandika jina lako kulikuwa na maana ya kuacha kupakwa wino kidoleni mbele ya karani. Miaka 50 baadaye tulipanga foleni kusajili laini za simu kwa alama za vidole, profesa na mkulima, kidole kwa kidole. Sasa dole gumba linaaminiwa kuliko sahihi. Basi ni haki kuuliza: mtoto wa leo tunamsumbua na mwandiko kwa ajili ya nini?

Nauliza kwa sababu kila likizo, nikirudi Maguu, nakaa na binamu yangu wa darasa la tano na daftari lake. "b" yake ni "d", na maneno yanapanda na kushuka kama njia za milima yetu. Shangazi hunitazama huku akichambua kahawa. "Mwanangu, kwani huko chuoni hamwandiki kwa kompyuta?" Tunaandika, shangazi. Tasnifu yangu ya uzamili itachapwa kuanzia jalada hadi ukurasa wa mwisho.

Watetezi wa mwandiko hukimbilia sayansi. Mwaka 2014 Mueller na Oppenheimer, watafiti wa Marekani, walionyesha kuwa wanafunzi walioandika maelezo ya somo kwa mkono walijibu vizuri zaidi maswali ya kuelewa kuliko waliotumia kompyuta. Lakini waliorudia utafiti huo baadaye hawakupata tofauti kubwa kama ile, kwa hiyo siwezi kuegemeza hoja yangu yote hapo. Wengine huomboleza kwamba tunapoteza urithi. Hao nao wakumbuke kuwa katika maandishi ya Plato, Socrates analalamikia kuandika kwenyewe, akihofia kutaua kumbukumbu za watu. Finland iliacha kulazimisha mwandiko wa kuunganisha herufi mwaka 2016, na watoto wa huko bado wanasoma.

Hoja yangu ni ya haki. Mwaka 2012 mtihani wa darasa la saba ulihamia kwenye fomu za kuchagua jibu na kuweka kivuli kwa penseli, zinazosahihishwa kwa mashine. Mashine haijali mwandiko. Lakini mtoto huyohuyo akifika kidato cha nne, ataandika insha kwa kalamu, na itasomwa na mtu asiyemjua, mwenye rundo la karatasi mbele yake. Msahihishaji huyo haioni akili ya mtoto ila kupitia mkono wake. Jibu sahihi lisilosomeka halina alama.

Zama za kidijitali hazikufika kwa wote siku moja. Vijijini kwetu zilitangulia kama simu ya kutumia fedha, si kama kompyuta juu ya dawati. Kumwambia mtoto wa Maguu kwamba mwandiko umepitwa na wakati ni kumwahidi daraja ambalo halijajengwa, kisha kumwacha aingie mtoni.

Mtu atasema: kama kosa ni la mtihani, rekebisheni mtihani, msimrekebishe mtoto. Nakubali nusu. Mtihani urekebishwe, ila mtoto anaukalia kabla mageuzi hayajafika. Nusu nyingine ya pingamizi hilo inanipa mpaka: ninachomdai binamu yangu ni kusomeka, si urembo. Mwandiko mbaya si tabia mbaya. Kumchapa mtoto kwa sababu "a" yake imelala, au kumlazimisha mwenye mashoto ahamie mkono wa kulia, ni kumwadhibu kwa namna alivyoumbwa.

Ndiyo maana tunafanya dakika kumi tu kwa siku. Kwanza tunaangalia anavyokaa na anavyoshika penseli, maana mkono unaobana sana huchoka mapema. "b" na "d" tunazifundisha siku tofauti. Kisha anaandika kitu chenye msomaji: barua kwa dada yake aliyeko Songea, au hesabu ya debe za kahawa ambayo mama yake ataisoma. Mama akikwama kwenye neno, mwandishi mwenyewe analirekebisha. Hapo sihitaji kukemea.

Wamatengo tunalima ngoro. Nyasi hulazwa kwanza kwa miraba juu ya mteremko, kisha udongo wa katikati huchimbwa na kuzifunika, na kubaki shimo. Shamba likitazamwa kutoka mbali linapendeza, lakini miraba haikuwekwa ili kupendeza. Imewekwa ili mvua isishuke na udongo. Mistari ya daftari ni hivyo hivyo: kazi yake ni kuzuia mawazo ya mtoto yasisombwe kabla ya kumfikia msomaji.

Kosa la mwandiko mbaya, basi, si la mtoto. Ni letu sisi tuliokwisha kuvuka kwa kalamu na sasa tunatangaza kwamba kalamu haina kazi. Siku mtihani wa Maguu utakapofanywa kwa kompyuta sawa na wa Masaki, nitafunga daftari hilo bila majonzi. Kabla ya siku hiyo, dakika zake kumi ninamdai, na mimi ananidai zangu.