Programu ya Mus-haf na Dhima ya Mzazi

Wazazi wa madrasa yetu hapa Mombasa huniuliza: "Maalim, mtoto nimnunulie Android au iPhone? Ni wapi kuna programu nzuri za Kurani?" Kwa wengi bei hujibu kabla yangu. Lakini liko swali la dini ambalo bei hailifikii: duka la programu likishaipitisha programu, nami je, nimetoka kwenye dhima?

Apple wana kanuni inayokataza programu zenye nukuu zisizo sahihi za vitabu vya dini. Naiheshimu. Ila Kurani hupokewa kwa kusikilizwa, harufi kwa harufi, na mwenye duka hakuketi nasi mkekani. Taklidi si aibu. Asiyejua anaruhusiwa kumfuata mwanachuoni, mradi ajue anamfuata nani. Watu wa hadithi walimchunguza kila msimulizi katika sanadi, ukweli wake na uhodari wake wa kuhifadhi. Nyota tano za wapakuaji hazisemi lolote kati ya hayo.

Chukua mfano wa programu ya Muslim Pro: ilikuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 90 na ilikuwamo kwenye maduka yote mawili, la iPhone na la Android. Novemba 2020 waandishi wa jarida la mtandaoni la Motherboard wakafichua kwamba taarifa za mahali walipo watumiaji wake zilikuwa zikifika kwa kampuni ya X-Mode, ambayo wateja wake walihusiana na jeshi la Marekani. Wenye programu walitangaza kukata uhusiano huo. Lakini Mwislamu alitaka kujua kibla tu! Jambo hilo bado linaniuma.

Hata programu aminifu ina madhehebu. Moja huhesabu alfajiri jua likiwa nyuzi 18 chini ya upeo, nyingine nyuzi 15; huku kwetu karibu na ikweta hiyo ni tofauti ya kama dakika 12, na mfungaji anaweza kuwa bado anakula daku. Alasiri ya Kihanafi nayo huchelewa kuliko yetu sisi Mashafii.

Basi nunua simu unayoimudu. Zima ruhusa ya mahali, andika Mombasa kwa mkono, chagua Shafii. Na kabla mtoto hajaanza kuhifadhi Juzuu Amma kutoka kwenye kioo, mlete na simu yake tuilinganishe na mus-haf wa Madina, aya kwa aya, maana kosa lililokwisha kuhifadhiwa nimeona likimliza mtoto mwaka mzima.