Deni la Mtazamaji

Siku ya watani wa jadi, jezi nyekundu na za kijani hutanda Mchafukoge tangu asubuhi. Kutoka maduka ya kale ya Uhindini mtu huvuka viwanja vya Mnazi Mmoja, akaingia Kariakoo. Huko Yanga, iliyoasisiwa mwaka 1935, ina jumba lake Jangwani na Twiga. Simba, ya mwaka 1936, ina lake Msimbazi. Kisha ndiyo safari ya Temeke, Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000. Namna ya kufika si fumbo: kuwahi, na kuishika tiketi vyema. Fumbo ni jingine. Aliyelipa kiingilio, amenunua nini?

Wengi watajibu upesi kwamba amenunua haki ya kusema atakalo. Tenisi haikubaliani nao. Wimbledon, ambako mashindano yalianza mwaka 1877 na ambako hadi leo watu hulala kwenye foleni kwa ajili ya tiketi, maelfu hunyamaza mchezaji anapourusha mpira juu ili auanzishe. Mpenzi wa ushairi hashangai: mghani anapovuta pumzi kabla ya kituo cha ubeti, ukumbi mzima humngoja, na kule kungoja ni sehemu ya shairi.

Hata hivyo kimya hakitoshi kuitwa adabu. Mwaka 2001, huko Indian Wells, Marekani, Venus Williams alijitoa kwa maumivu muda mfupi kabla ya nusu fainali dhidi ya mdogo wake Serena. Waliolipa walikasirika, na hasira yao ilikuwa na sababu. Lakini siku ya fainali waliimwaga juu ya Serena, binti wa miaka 19, wakamzomea mchezo mzima alipocheza na Kim Clijsters. Na baba yake alisema alitupiwa maneno ya ubaguzi wa rangi. Serena alishinda. Hakurudi kucheza huko hadi mwaka 2015.

Dar es Salaam nayo ilionja hasira ya tiketi. Tarehe 8 Machi 2025 Simba iligoma kucheza, ikidai kuwa ilizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku uliotangulia. Mechi ikaahirishwa siku ileile, watu wamekwisha kusafiri kutoka mikoani. Ilichezwa tarehe 25 Juni, Yanga ikashinda 2-0. Mwenye tiketi alikuwa na haki ya kulalamika, tena kwa sauti. Swali ni kwa nani, na kwa lugha gani.

Hapa neno utani lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Mtani hutukana, hudhihaki, huchukua hata kitoweo bila kuomba. Lakini ukifika msiba, yeye ndiye mwenye kazi. Tusi lake limewekewa rehani. Wale wa Indian Wells hawakuwa na rehani yoyote kwa binti waliyemzomea: walizomea, wakaenda zao. Anayezomea Temeke hana pa kwenda. Jioni hurudi Kariakoo pamoja na aliyemzomea, mara nyingi ndani ya daladala moja, na kesho yake asubuhi, mmoja anapochelewa, mwenzake humfungulia meza, akampangia bidhaa, akamuuzia mpaka afike.