Mwanasesere Mlangoni mwa Leba

Mwaka 2010, katika leba ya Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, kila mama aliyejifungua alikuwa na mtu mmoja zaidi chumbani. Hakuwa mkunga wala daktari, na hakuwa ndugu. Alisimama pembeni na saa ya kuhesabia sekunde na karatasi, akiandika: mtoto ametoka sasa, amelia, hakulia, amefutwa, ameanza kupumulishwa baada ya sekunde ngapi. Zamu yake ikiisha, mwingine alipokea kalamu, usiku na mchana. Ilikuwa kazi ya utafiti. Bila macho ya watu hao funzo ninalotaka kulisimulia lisingejulikana, kwa sababu kila dalili nyingine ilionyesha kwamba mambo yanakwenda vizuri.

Haydom iko wilayani Mbulu, kwenye nyanda za juu zinazoelekea Bonde la Yaeda. Hospitali yake ilianzishwa na wamisionari wa Norway na kufunguliwa mwaka 1955. Wanaotibiwa pale ni Wairaqw wa Mbulu, Wadatoga wa upande wa Hanang, Wahadzabe wa Yaeda, na Wanyisanzu wanaovuka kutoka Singida. Mama wa Basotu au wa Yaeda Chini akishikwa na uchungu usiku wa masika, njia yenyewe ni tope, na wapo wanaofika mtoto akiwa amekwisha kuchoka tumboni. Siku hizi kuna namba 115 ya m-mama, isiyo na malipo, inayomtafutia mjamzito au mzazi mwenye dharura gari la wagonjwa au dereva wa jirani. Wakati ule haikuwepo.

Aprili ya mwaka huo wahudumu wa Haydom walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua, yale yanayojulikana duniani kwa jina la Helping Babies Breathe. Yalikuwa mafunzo mazuri, na ninasema hivyo bila kusita. Vifaa vyake vilibuniwa kwa ajili ya hospitali kama zetu: ambu ya kupumulishia, kinyonya makamasi kinachochemshwa na kutumika tena, na mwanasesere anayejazwa maji mpaka awe na uzito wa mtoto wa kweli. Ukibonyeza kijipira kimoja kitovu chake kinadunda. Ukibonyeza kingine kifua kinapanda kama cha anayepumua. Muda wote mwalimu anarudia neno moja, dakika ya dhahabu, yaani ndani ya dakika moja tangu mtoto atoke awe amelia mwenyewe au ameanza kupumulishwa.

Watafiti, wakiongozwa na Dk. Hege Ersdal wa Stavanger, waliwapima wahudumu kabla na baada. Miezi saba kabla ya mafunzo, katika kila wahudumu 100 ni 18 tu waliofaulu kumwokoa mwanasesere aliyeshindwa kupumua. Miezi saba baada ya mafunzo walifaulu 74. Kwa hesabu hiyo peke yake mradi wowote ungefunga ripoti yake kwa furaha.

Karatasi za wale waliosimama pembeni zilisema jambo jingine. Zilifuatilia uzazi 2,745 kabla ya mafunzo na 3,116 baada yake. Watoto waliopumulishwa hawakuongezeka. Waliosuguliwa mgongo ili washtuke na kulia walipungua. Vifo vya watoto waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa vilibaki pale pale. Mkono uliofaulu mbele ya mwanasesere haukufanya vile vile mbele ya mtoto.

Nimelifikiria sana jambo hili, na sioni uvivu wala roho mbaya ndani yake. Darasani kuna mwanga, kuna mwalimu, kuna mwanasesere mmoja na watu wanne wanaomtazama. Leba ni saa tisa usiku. Mkunga ana wazazi wawili, mmoja anatokwa na damu. Mtoto ametoka mweupe, amelegea kama kitambaa kilicholoa, hana sauti. Katika sekunde hizo mtu hakumbuki slaidi ya mwezi wa nne. Mkono wake unakwenda kwenye mazoea ya siku zote: kunyonya makamasi tena na tena, kumtafuta daktari, kusubiri kidogo kuona kama atalia. Ambu inabaki mezani.

Na kusubiri kidogo ndiko kunakoua. Mtu mzima moyo wake ukisimama ghafla, mara nyingi hitilafu imeanzia moyoni kwenyewe. Kwa kichanga kwa kawaida ni kinyume. Moyo wake ni mzima, kilichokosekana ni hewa. Pumzi inakatika kwanza, moyo unaendelea kudunda kwa muda ukisubiri, kisha unapunguza mwendo, unadhoofika, unasimama. Ukiingiza hewa mapema, mapigo yanapanda mbele ya macho yako, mara nyingi bila dawa na bila kukandamiza kifua. Kwa karatasi hizo hizo za Haydom watafiti walikuta kwamba kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kumpumulisha mtoto ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya kufa au kubaki wodini akiugua. Sekunde thelathini ni muda wa kufungua kabati na kuitafuta barakoa ndogo.

Lipo lililo zito zaidi. Mtoto aliyelegea, asiyelia, mweupe, kwa macho matupu hafanani na mtu aliye hai, na moyo wake unaweza kuwa unadunda bado. Kidole kinachotetemeka kwenye kitovu kinakosa pigo dhaifu. Mtoto anafunikwa khanga, daftarini anaandikwa kuwa amezaliwa mfu, na hakuna tena anayemgusa.

Kwa jamii za huku neno hilo halikuishia daftarini. Kwa mila ya zamani ya Wairaqw, mwanamke aliyepoteza mimba au mtoto aliingizwa metimani: alitengwa na nyumba za watu, asile nao wala kutembeleana nao, mpaka muda wake uishe. Wengi wameiacha mila hiyo, nami siitaji ili kuwahukumu wazee waliodhani wanaikinga jamii. Ninaitaja kwa sababu ya mama. Kosa la sekunde chache mezani lilimfuata nyumbani kwa miezi.

Haydom hawakuificha aibu yao. Waliiandika, wakaichapisha kwenye jarida la kitabibu, dunia ikasoma. Kwangu mimi huo ni ujasiri mkubwa kuliko kujenga jengo jipya. Na hata kabla ya kuichapisha walikuwa wamekwisha kubadilisha kitu kidogo mno. Tangu Februari 2011 mwanasesere alitoka stoo akakaa leba. Kila wiki mkunga alifanya naye mazoezi ya dakika tatu hadi tano, na kila mwezi kulikuwa na mazoezi marefu ya dakika arobaini hivi. Hapakuwa na posho ya semina wala ukumbi wa hoteli, na hakuna aliyesafiri kwenda Arusha.

Hebu yatazame mazoezi hayo kwa karibu. Mkunga anaingia zamu, hajavaa glavu bado. Anamlaza mwanasesere, anaweka shingo sawa, isiinamie kifuani wala isikunjwe nyuma sana, kwa sababu vyote viwili vinaziba njia ya hewa. Anaifunika pua na mdomo kwa barakoa, kidole gumba na cha shahada vikiizunguka juu, vingine vitatu vikiinua kidevu. Anabana ambu. Ikisikika hewa ikitoroka pembeni, anarekebisha mkono na kurudia. Anatazama kifua. Kikipanda, anaendelea, akihesabu taratibu. Kisha anamrudisha mwanasesere mahali pake na kwenda kupokea ripoti ya usiku. Mkono umekumbushwa, na ukikutana na mtoto wa kweli saa mbili baadaye hautakuwa mgeni wa kazi hiyo.

Estomih Mduma wa Haydom na wenzake walihesabu matokeo ya mwaka mmoja kabla na mwaka mmoja baada, watoto zaidi ya 4,800 kila upande. Waliosuguliwa mgongo waliongezeka. Waliohitaji kupumulishwa kwa ambu walipungua, kutoka asilimia 7.3 hadi 5.9. Vifo ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 katika kila watoto 1,000 hadi 7.2. Hospitali ni ile ile, na mwanasesere ni yule yule wa mwaka uliotangulia.

Miaka iliyofuata teknolojia ilizidi kuingia, na Haydom ikawa mahali pa kuijaribia. Kilikuja kifaa kilichopewa jina la Kiswahili, Moyo. Kinafungwa kwa mkanda tumboni mwa mama, kinasikiliza mapigo ya mtoto na kuyaonyesha kwa namba ndani ya sekunde chache. Mapigo yakitoka nje ya 110 hadi 160 kwa dakika, kinalia. Mama mwenyewe akikishika kwa vidole, kinaonyesha mapigo yake pia, ili mkunga asije akausikia moyo wa mama akadhani ni wa mtoto. Kikaja pia kingine kiitwacho NeoBeat, kama bangili iliyo wazi inayovalishwa kifuani pa kichanga akiwa bado na unyevu wa kuzaliwa, ikaonyesha mapigo kabla hujamaliza kuvuta pumzi mbili. Kwa yule mtoto mweupe aliyelegea, kifaa hiki kinaweza kuwa ndicho tofauti ya khanga na ambu.

Ninavipenda vifaa hivi na ninatamani kila kituo cha afya cha Hanang na Mbulu kiwe navyo. Lakini utafiti uliofanywa Haydom na kuchapishwa mwaka 2018 uliilinganisha Moyo na ile fetoskopu ya zamani anayoiweka mkunga sikioni. Moyo iligundua watoto wengi zaidi waliokuwa na mapigo mabaya. Vifo na hali ya watoto walipozaliwa havikutofautiana kwa kiasi cha kujivunia. Kifaa kimelia, basi nani anakuja? Chumba cha upasuaji kiko tayari? Mama amegeuzwa alale ubavu? Mwenye funguo ya dawa yuko wapi? Kengele inamwambia mkunga kuna hatari, na hapo ndipo uwezo wake unapoishia.

Ndiyo maana mpango mkubwa uliofuata, ulioratibiwa kutoka Haydom, haukugawa vifaa peke yake. Kati ya 2021 na 2023 vituo 30 katika mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza vilipewa vifaa pamoja na mazoezi mafupi ya mara kwa mara, walimu wa palepale kazini, na takwimu za kituo chenyewe zilizojadiliwa na wahudumu wenyewe. Dk. Benjamin Kamala na wenzake walichapisha matokeo mwaka 2025: vifo vya watoto kabla tu na baada ya kuzaliwa vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 katika kila uzazi 1,000. Uzazi uliohesabiwa ulizidi laki mbili na nusu. Ukiigeuza tofauti hiyo kuwa watoto, kwa uzazi mwingi hivyo ni mamia.

Kwa hiyo, mheshimiwa diwani, nawe mganga mkuu wa wilaya unayepanga bajeti, nunueni vifaa. Ila siku mnapokwenda kuvikabidhi, msitosheke na picha ya kukata utepe. Ulizeni mwanasesere yuko wapi, na nani amemshika wiki hii. Mkijibiwa kwamba yuko stoo ndani ya boksi lake ili asichakae, mjue mmekabidhi nusu ya kazi. Dakika tatu za zamu haziombi fedha za mfadhili, zinamhitaji mkuu wa wodi anayezidai.

Nanyi baba na bibi mnaongoja kwenye benchi nje ya leba, huku mmeshika chupa ya uji, mna haki ya kuuliza. Mkiletewa habari kwamba mtoto amezaliwa amekufa, msilaumu na msipaze sauti, kwa kuwa aliye ndani amefanya kazi usiku kucha. Mwiteni kwa heshima mumwulize jambo moja: "Nesi, moyo wake umeusikiliza?"