Maksai Aliyebaki

Mkulima wa Ufipa akifa kwa ugonjwa wa moyo akiwa na miaka 45, hakuna mahali hasara yake inapoandikwa. Hakuwa na mshahara, na kipato chake hakikupita benki. Lakini hapa Katandala, mjini Sumbawanga, wengi wetu tuna mashamba ya mahindi na maharage vijijini, na tunaijua hasara hiyo inavyoingia nyumbani.

Huanza mtu angali hai. Miguu inavimba, kulala chali hawezi, anapewa rufaa. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa 2015, iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Sumbawanga. Nauli ya watu wawili, malazi, vipimo: anauzwa maksai mmoja. Aliyebaki havuti plau peke yake. Mvua zikianza, familia inarudi kwenye jembe la mkono na shamba linapungua zaidi ya nusu. Ada inakosekana, mtoto anaacha shule. Mgonjwa akifariki, mjane anabaki na deni na ng'ombe asiye na mwenzake.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 magonjwa ya moyo na mishipa ya damu yaliua watu milioni 17.9, zaidi ya robo tatu yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kinachoniuma ni kwamba mengi huanza na presha, ambayo hudhibitiwa kwa vidonge vya kila siku. Presha haiumi, kwa hiyo mtu akijisikia nafuu anaacha dawa. Vijana wengine moyo uliharibika tangu utotoni, kwa maambukizi ya koo ambayo penisilini ingeyamaliza.

Msibani sisi ni wakarimu. Unga, kuni, jeneza, vyote hupatikana kabla ya jua kuzama, na ukarimu huo nauheshimu kwa dhati. Ila marehemu huyo huyo alipoomba pesa ya dawa mwezi Februari, ghala likiwa tupu, tulimwambia asubiri mavuno.

Vikundi vyetu vya kufa na kuzikana vina katiba, mweka hazina, na faini kwa asiyefika msibani. Bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) iliyoboreshwa ilipoanza 2018, kaya ya watu sita ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Mfuko wa kikundi ungeweza kuwakatia bima wanaoshindwa, na kununua kipimo cha presha, wanachama wapimwe kila mkutano kabla ya michango kukusanywa. Asiyefika kupimwa atozwe faini ile ile ya msibani.