Ujirani wa Maji

Maji ya Mto Ruvubu yanayopita wilaya ya Ngara, Tanzania, huungana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, huingia Ziwa Victoria, hutokea Jinja yakiitwa Nili, na mwisho humwagika katika bahari ya Mediterania. Lakini hakuna chombo kiwezacho kupanda njia hiyo yote kutoka baharini. Bwawa la Aswan litakizuia, kisha maporomoko ya Sudan, kisha Murchison nchini Uganda, ambako Nili nzima hubanwa katika mwanya wa mita 7 hivi na kuanguka zaidi ya mita 40. Ndiyo maana wapo wanaoona kwamba mkazi wa Mbuba, huku Ngara, hadaiwi chochote na watu wa chini ya mto: hawatembeleani, hawauziani, hawajuani. Nasema hapana. Ujirani haupimwi kwa mahali chombo kinapokwama, bali kwa mahali tendo la mtu linapofika.

Kagera yenyewe ni shahidi. Magugu maji yaliteremka kwa mto huu hadi Ziwa Victoria, na katika miaka ya 1990 yakaziba bandari ya Kisumu. Mwaka 1994 miili ya waliouawa katika mauaji ya kimbari ya Rwanda ilipita Rusumo ikafika Uganda, na watu wa Kasensero na Lambu wakaiopoa na kuizika kwa maelfu, bila kujua majina yao. Anayeshikilia kwamba wajibu huja baada ya kujuana hawezi kueleza kwa nini tunawaona watu wale kuwa walitenda lililo haki, wala si hisani tu.

Hoja nzito zaidi ni kwamba wajibu usio na mpaka haubebeki: mkulima wa Ngara atawezaje kuwabeba watu wa Cairo? Hawezi, wala hatakiwi. Anadaiwa kile tu ambacho mkono wake unafanya ukingoni. Mafundisho ya Uislamu yanakataza kufuja maji hata penye mto unaotiririka. Injili inamtaja Msamaria, mgeni kabisa, kuwa ndiye jirani. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Basi tuziache mita hizo na mafunjo yake, na dawa za shambani zisioshewe mtoni. Hayo yako ndani ya uwezo wetu, na kwa hiyo hatuna udhuru.