Kazi Isiyokaguliwa na Mtu

Twataka kuwaza pamoja nanyi neno moja: Mtu atengenezaye chombo chake mwenyewe, kwa mikono yake na katika ua wake, adaiwa na nani juu ya wema wa kazi ile? Wengi watajibu upesi, "Chombo ni chake, kazi ni yake, hadaiwi na mtu." Na tuyapime maneno hayo kwa mfano.

Huko Marekani kampuni ya Dodge iliunda lori dogo la jeshi, jina lake M37, tangu miaka ya 1951 hata 1968. Yalitoka zaidi ya 100,000, yakatumika katika vita vya Korea na vya Vietnam. Baadaye jeshi liliyauza, nayo yakaingia mikononi mwa wakulima, wazima moto, na watu wapendao kuyatengeneza wenyewe. Hata leo yako yaendayo. Kazi hiyo si mbaya. Mwenye kutunza cha kale hatupi kilicho kizima kwa tamaa ya kipya, na mikono yake hujifunza saburi.

Lakini zitazameni breki zake. Mguu ukikanyaga, mafuta husukumwa kutoka silinda moja iliyo chini ya sakafu, yakaenda kwa mabomba ya chuma hata magurudumu yote manne. Njia ni moja tu. Motokaa za siku hizi zina njia mbili, hata moja ikikatika ya pili husaidia. Lori hili halina. Bomba moja likipasuka, mafuta humwagika, na mguu hukanyaga bure. Yasalia breki ya mkono, nayo haikufanywa kuchukua kazi ya zile nne. Tena mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu wa hewa, na maji yale hula chuma kwa ndani, mahali jicho lisipofika. Kwa nje bomba lang'aa rangi mpya. Kwa ndani limekwisha kuliwa.

Jeshini hatari hiyo ilikuwa na walinzi. Kitabu cha maagizo kilimwamuru dereva kukagua gari kabla ya safari, katika safari, na baada ya safari. Juu yake alikuwako fundi, na juu ya fundi ofisa. Siku lilipouzwa, chuma kilikwenda kwa bwana mpya, lakini walinzi wale walibaki kambini. Sasa mtu mmoja ndiye dereva, ndiye fundi, ndiye ofisa. Akijidanganya, ni nani atakayemkaripia?

Hapo ndipo lile jibu la kwanza lavunjika. Gari ni lake likisimama ndani ya ua. Likitoka njiani, mtoto avukaye barabara hakuulizwa kama akubali bomba kuukuu. Mtu akiacha kubadili bomba ili asitoe fedha, amemkopa jirani pasipo kumwambia, na rehani ni uhai wa jirani. Kuweka akiba ni hekima. Lakini akiba ilipwayo na mwingine asiyejua, hiyo ni dhuluma.

Labda mtu atasema, "Simtakii mtu mabaya." Twasadiki. Lakini Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alipoieleza amri ya tano, ikatazayo kuua, hakukoma penye kutomdhuru jirani. Alifundisha pia kwamba yatupasa kumsaidia katika mahitaji ya mwili wake. Basi yeye alalaye chini ya gari na kuondoa bomba bovu ambalo hakuna atakayeliona, aishika amri hiyo sawasawa na agangaye jeraha. Wala hatusemi kila mtu awe fundi stadi. Asiyejua na amwite ajuaye. Kuukubali mpaka wa ujuzi wako ni sehemu ya uaminifu.

Nasi, walimu na wazee wa sharika, tunazo kazi nyingi za namna hiyo: hesabu ya sadaka, somo la watoto litayarishwalo usiku, ngazi ya mnara wa kengele. Hakuna ofisa asimamaye nyuma yetu. Tukiulizwa twadaiwa na nani, na tujibu: na Mungu aonaye sirini, na jirani asiyeona. Na deni hilo hulipwa kabla ya safari, si baada yake.