Nyumba ya Kale na Kuta Zake za Mbao
(Mambo ya Walawi 14:33–48)



Katika nchi za baridi, huko Ulaya na Marekani, ziko nyumba nyingi za kale ambazo kuta zake kwa ndani zimevikwa mbao. Vizazi vimepita, na kila mwenye nyumba ameongeza rangi yake juu ya rangi ya aliyemtangulia. Mrithi atakapo kuitengeneza nyumba, majaribu mawili humjia: kung'oa mbao zote na kuzichoma, au kupaka rangi mpya juu, ili wageni wasione ila. Yote mawili hayaponyi nyumba.

Tuangalie agizo alilopewa Musa juu ya nyumba yenye pigo. Kuhani haibomoi mara moja, wala haamuru ipakwe juu juu. Huingia, hutazama kama doa limezama ndani ya ukuta, huifunga nyumba siku 7, kisha hurudi kutazama tena. Mawe yenye pigo huondolewa, yaliyo mazima huachwa. Kubomoa ni neno la mwisho, pigo likirudi baada ya matengenezo.

Ndivyo afanyavyo seremala mwenye hekima. Kabla ya kugusa rangi huuliza: unyevu watoka wapi? Maana paa likivuja, ubao mpya utaoza kama ulivyooza wa kale. Basi huziba paa kwanza. Kisha huzitoa mbao moja moja na kuzitia namba kwa nyuma, ili kila moja irudi mahali pake. Palipooza hupakata, akaunga kipande cha mti wa namna ile ile. Nasi tukitubu maneno ya hasira, na chuki iliyoyazaa tukaiacha moyoni, twafanya nini ila kupaka rangi juu ya ukungu?

Tena iko hatari katika kukwangua. Rangi nyingi za kale zilichanganywa na risasi. Marekani iliipiga marufuku rangi hiyo katika nyumba za watu mwaka 1978, lakini iliyokwisha kupakwa haikutoka kutani kwa amri. Mwenye haraka hushika msasa na kuisugua ingali kavu. Vumbi laruka, laanguka sakafuni, na mtoto atambaaye hulitia kinywani. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Kwa hiyo fundi mwangalifu huipima rangi kwanza, huwatoa watoto nyumbani, huilowesha, hukwangua polepole, na kukusanya kila chembe. Hata katika torati, vumbi lililokwanguliwa lilitupwa nje ya mji.

Wazazi na wazee wa kanisa, hili ni letu. Bwana alituagiza kumwendea kwanza ndugu aliyekosa tukiwa peke yetu naye. Tukimkemea barazani, na makosa yake ya zamani tukayafufua mbele ya watu, kosa haliondoki. Limekuwa vumbi, na wadogo wanalivuta. Kweli ni lazima isemwe, lakini isisemwe kwa namna ya kuwadhuru wasiokosa.

Neno la mwisho ni hili. Mafundi wa kale hawakuupigilia misumari ubao mpana, wala hawakuutia gundi kandokando. Waliuingiza katika mfuo wa miti inayouzunguka, ukae huru, kwa kuwa mti hutanuka hewa ikiwa na unyevu na kusinyaa ikikauka. Arudishaye ubao kwa kuukaza pande zote, asishangae ukipasuka. Vivyo hivyo ndugu aliyerudi kundini: tukimbana kwa mashaka kila siku, tukimhesabia kila hatua, twampasua kwa mikono yetu wenyewe. Mtume aliwaagiza Wagalatia kumrejeza aliyeanguka kwa roho ya upole, kila mtu akijiangalia nafsi yake.

Basi, kabla hatujamtupa mtu nje kama ubao mbovu, tuulize kwanza ni wapi paa linapovuja. Mungu atupe macho ya kuona, na mikono yenye saburi. Amina.